Visu vya Shakira, visu vya Britney: jinsi ya kumhukumu staa mwenye vituko

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naendesha ukurasa wa habari za mastaa. Britney Spears aliponyoa nywele mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi, tulicheka mpaka basi. Mwaka 2021 tukageuka, tukasema maskini, kumbe alikuwa anaonewa na baba yake. Halafu ikaja video anacheza na visu. Nimeiweka juzi kwenye ukurasa na maneno "Amerudia uchizi wake". Wafuasi wamegawanyika: wengine wananiita mkatili, wengine wanasema ukweli usemwe. Nani yuko sahihi? Na mtu wa kazi kama yangu aandikeje kuhusu staa wa namna hii bila kumwonea wala kumtetea kwa upofu?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na visu vyenyewe. Tarehe 12 Septemba 2023 Shakira alitumbuiza kwenye tuzo za video za MTV, na katika sehemu moja ya onyesho alicheza akiwa ameshika visu. Usiku huohuo alikabidhiwa tuzo ya heshima ya Video Vanguard na watu wakamsifu kwa ufundi wake. Takriban wiki mbili baadaye Britney akaweka Instagram video akicheza nyumbani kwake, naye ana visu mkononi. Alieleza kwamba si visu halisi, ni vya kukodi kwenye duka la vifaa vya maigizo, na baadaye akasema alikuwa akimwiga Shakira. Kuna mtu alipiga simu, na maofisa wa kaunti ya Ventura, California, wakatumwa kwenda kumjulia hali.

Tendo lilelile, mwezi uleule, hukumu mbili. Sisemi kwamba hakuna tofauti. Shakira alikuwa na jukwaa, taa, wachezaji na mazoezi nyuma yake. Britney alikuwa na simu na sebule. Mtu anayempenda akishtuka hana kosa. Lakini waliomwita mwehu hawakuwa wanahukumu sebule. Walikuwa wanahukumu picha za miaka 16 iliyopita, na wewe pia ulipoandika kwamba amerudia, uliichukua 2007 kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Halijathibitishwa na mtu yeyote. Lilipigwa picha tu.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni kwamba kambi zote mbili kwenye ukurasa wako zimekosea kwa namna moja. Mbele ya staa mwenye vituko, watu huuliza maswali matatu kwa mkupuo na kuyapa jibu moja. Je, ana vituko? Je, ni mgonjwa? Je, ametenda kosa, au anachosema ni uongo? Kila swali lina ushahidi wake. Kituko kinaonekana kwa macho, yeyote anaweza kukishuhudia. Ugonjwa unathibitishwa na daktari aliyemwona mgonjwa, na majibu yake ni siri mpaka mgonjwa mwenyewe aitoe. Kosa linathibitishwa mahakamani, au kwa uchunguzi wa kihabari wenye mashahidi na nyaraka. Magazeti ya udaku yaliishi, na kurasa za leo zinaishi, kwa kuchukua ushahidi wa swali la kwanza, ambao ni wa bei rahisi na unapatikana kila siku, na kuutumia kujibu la pili na la tatu.

Michael Jackson ni mfano ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1986 gazeti la udaku la Marekani, National Enquirer, lilichapa picha yake amelala ndani ya chumba cha oksijeni, na habari ikawa kwamba analala humo ili aishi miaka 150. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba picha hiyo ilitoka kwa watu wake mwenyewe, na kwamba chombo kile kilikuwa cha kutibia majeraha ya moto. Kwa lugha ya mtaani, ilikuwa kiki. Mwaka 1993 alimwambia Oprah Winfrey kwamba hakuwahi kulala humo, lakini wakati huo magazeti ya Uingereza yalishampa jina la kejeli, na jina likawa limeganda. Hili nalo uliandike kwa uaminifu: mara nyingine staa mwenyewe ndiye huwasha moto. Asichoweza ni kuuzima atakapo.

Katika mahojiano yaleyale alisema kwamba ngozi yake ilikuwa inabadilika kwa sababu ya mbalanga, ule ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi kwa mabaka. Wengi walicheka. Alipofariki, tarehe 25 Juni 2009, ripoti ya uchunguzi wa maiti ilithibitisha kwamba kweli alikuwa nao. Yaani kwa miaka 16 dalili ya ugonjwa wa ngozi ilihesabiwa kuwa kituko.

Sasa njoo kwenye kesi yake ya 2005, Santa Maria, California, aliposhtakiwa kumdhalilisha mtoto. Tarehe 10 Machi alichelewa kufika, jaji akatishia kumfutia dhamana, na akaingia mahakamani amevaa suruali ya pajama na koti juu yake, akisema ameumia mgongo. Siku hiyohiyo kijana aliyemtuhumu alikuwa kizimbani akitoa ushahidi. Kurasa za mbele za magazeti duniani zilijaa pajama. Hebu pima: suruali ile ilithibitisha nini? Haikuonyesha kwamba ana hatia, wala kwamba hana. Waliomwona mwovu walisoma uovu, waliomwona mgonjwa wa watu walisoma maumivu, na maneno ya kijana, ambayo ndiyo yalikuwa ya kupimwa, yakapata nafasi ndogo. Jopo la raia 12 lilimkuta hana hatia kwa makosa yote tarehe 13 Juni 2005. Hukumu hiyo inahusu mashtaka yale. Tuhuma za watu wengine wawili zilizotangazwa kwenye filamu ya mwaka 2019 ni jambo jingine, linalopaswa kupimwa kwa ushahidi wake, na wasimamizi wa mali zake wanazikana. Anayesema "alikuwa wa ajabu, basi alifanya" na anayesema "alikuwa mtoto moyoni, basi hakufanya" wote wawili wanatumia pajama kama ushahidi.

Kwa Sinéad O'Connor, mwimbaji wa Ireland, mtambo ulizunguka upande mwingine. Tarehe 3 Oktoba 1992, kwenye televisheni ya moja kwa moja New York, aliimba bila ala kisha akachana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Alikuwa anapinga watoto kudhalilishwa ndani ya Kanisa. Wiki mbili baadaye alizomewa na watu wengi kwenye ukumbi wa Madison Square Garden. Kichwa kilichonyolewa, sauti ya ukali, picha iliyochanwa: basi, ni kichaa, na maneno ya kichaa hayahitaji kujibiwa. Mwaka 2009 ripoti mbili rasmi za Ireland zilieleza kwa kirefu udhalilishaji wa watoto kwenye taasisi za Kanisa na kwenye jimbo kuu la Dublin, na Machi 2010 Papa Benedikto wa 16 akawaandikia Wakatoliki wa Ireland barua ya kuomba radhi. Hapo huhitaji kumpenda Sinéad, wala kukubaliana na namna aliyoitumia. Angalia tu kwamba swali la tatu, je, anachosema ni kweli, halikuulizwa kwa miaka, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limeshajibiwa kwa sauti kubwa.

Na kuna kosa la kinyume, ambalo mashabiki hulipenda. Oktoba 2022 mwanamuziki Kanye West alitoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na tarehe 25 mwezi huo kampuni ya Adidas ikavunja mkataba naye. Yeye mwenyewe alikwisha kusema hadharani kwamba ana bipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, na papo hapo watetezi wakasema ni ugonjwa unaoongea. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo. Ugonjwa unaweza kueleza kwa nini mtu hana breki usiku fulani. Hauchagui kabila la kutukana. Ukiutumia kufuta kosa, umewasingizia mamilioni wengine ambao hawajamtukana mtu.

Turudi kwa Britney, maana yeye ndiye aliyehukumiwa kwa swali la pili, tena kwa gharama ya miaka.

Chukua kalenda badala ya picha. Septemba 2006 alijifungua mtoto wa pili, mwaka mmoja baada ya wa kwanza. Novemba alifungua shauri la talaka. Januari 2007 shangazi yake wa karibu alifariki kwa saratani. Tarehe 16 Februari alinyoa nywele mwenyewe kwenye saluni, wapiga picha wakiwa wamebandika lenzi kwenye kioo. Siku chache baadaye, usiku, alikwenda nyumbani kwa mumewe waliyekuwa wametengana ili aone watoto na hakuonana nao. Mpiga picha akamfuata akimuuliza maswali, na yeye akashuka na mwavuli akaligonga gari la yule mtu. Alikuwa na umri wa miaka 25. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Oktoba 2023 anaeleza kwamba kunyoa kulikuwa namna ya kuwagomea waliokuwa wameutazama mwili wake tangu utoto.

Kalenda hiyo haisemi kwamba alikuwa mzima wa afya. Haisemi pia kwamba alikuwa mgonjwa. Inasema kwamba mambo mazito matatu yaliyotokea ndani ya miezi mitano hayakuingia kwenye fremu, na picha ya mwavuli ikauzwa kana kwamba ilianza yenyewe.

Picha hizo zenyewe zina ufundi wake, na ni vyema mtu wa kazi yako aujue. Kamera za kitaalamu za miaka ile zilipiga hadi fremu 8 hivi kwa sekunde. Ukimfuata mtu kwa dakika moja tu unapata fremu za kutosha kuchagua ile moja ambayo jicho limefumba nusu, mdomo uko katikati ya neno, shingo imekakamaa. Binadamu yeyote akiongea hupita kwenye sura hiyo mara nyingi kwa dakika bila mtu kuiona, kwa sababu macho yetu hayasimamishi wakati. Fleshi iliyokaa juu ya lenzi, usiku, hufanya jasho ling'ae, ngozi ipauke na mboni ziwe nyekundu. Lenzi pana ikisogezwa karibu na uso hukuza pua na kidevu. Lenzi ndefu hubana umbali, watu wawili walioachana kwa hatua kadhaa wakaonekana wamegusana. Kisha mhariri hukata pembeni. Kwenye picha za 2007 hukati mtu mmoja pembeni, unakata kundi la wanaume wenye kamera. Ukiwarudisha kwenye fremu, sura yake inaeleweka mara moja kuwa ya mtu aliyezingirwa. Ndiyo maana unapopata nafasi, tafuta picha pana ya tukio lilelile kutoka upande mwingine. Mara nyingi ipo, ila haikununuliwa.

Soko lilikuwa kubwa kiasi gani? Januari 2008 shirika la habari la AP, ambalo si la udaku, liliwaandikia wafanyakazi wake kwamba kwa sasa karibu kila kitu kinachomhusu Britney ni habari kubwa. Mwezi huohuo ikajulikana kwamba lilikuwa limeshaandaa tanzia yake. Kuandaa tanzia za wazee ni kawaida ya vyumba vya habari. Kuandaa ya mwanamke wa miaka 26 ni kukiri kwamba unadhani anaweza kufa, huku ukiendelea kumfuatilia. Kwa haki, si wote walioingia kwenye mkumbo: Februari 2007 mtangazaji wa kipindi cha usiku Craig Ferguson aliwaambia watazamaji wake kwamba hatamfanyia Britney utani, akaeleza historia yake mwenyewe ya ulevi. Kipindi chake hakikufa kwa hilo.

Januari 2008 Britney alipelekwa hospitali mara mbili kwa uchunguzi wa akili, wapiga picha wakifuata gari la wagonjwa. Wengi wanasema, basi si ndiyo uthibitisho huo? Hapana. Kifungu cha 5150 cha sheria ya California kinaruhusu mtu kushikiliwa hadi saa 72 kwa uchunguzi na matibabu ya dharura akidhaniwa kuwa hatari kwake au kwa wengine, au hawezi kujitunza. Ni mlango wa uchunguzi. Kilichoonekana ndani ni siri yake na daktari. Tarehe 1 Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka chini ya uangalizi wa kisheria wa muda, yaani mtu mwingine kuamua juu ya maisha na mali zake, baba yake akiwa mwangalizi, na Oktoba ukafanywa wa kudumu. Mpango huo umekusudiwa watu wasioweza kujihudumia au kusimamia mali zao, kwa mfano wazee waliopoteza kumbukumbu. Lakini Machi 24, chini ya miezi miwili baadaye, Britney alionekana kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni. Desemba akatoa albamu. Mwaka 2009 akazunguka dunia na ziara. Kuanzia Desemba 2013 hadi Desemba 2017 alifanya zaidi ya maonyesho 200 Las Vegas. Yaani aliweza kufanya kazi ya kulisha watu wengi, ila hakuweza, kisheria, kujichagulia wakili.

Hapo utaona umma ulichangia nini. Sisi hatukusaini amri ile. Ila mkanganyiko huo ulikuwa wazi kwa yeyote, kila tiketi ilipouzwa, na karibu hakuna aliyeuliza, kwa sababu picha ya mwavuli ilikuwa imejibu: huyu ni mwehu, bora ana mtu wa kumwangalia. Tarehe 23 Juni 2021 alizungumza mahakamani kwa zaidi ya dakika 20, akasema alipewa lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, asiyoitaka na kulazimishwa kufanya kazi. Julai aliruhusiwa kujichagulia wakili, Septemba baba yake alisimamishwa, na tarehe 12 Novemba 2021 Jaji Brenda Penny akaufuta uangalizi wote. Miaka 13 na miezi 9.

Sasa hao mliogeuka 2021. Februari mwaka ule ilitoka filamu ya hali halisi kuhusu mambo haya, na ndani ya siku chache mwimbaji Justin Timberlake, aliyewahi kuwa mpenzi wake, aliomba radhi kwa Britney, na jarida la Glamour likaandika kwamba sote tuna lawama. Sipuuzi radhi. Lakini uone kwamba zilikuja siku ambayo huruma ilianza kuuza kama kejeli ilivyouza, na zikamtengenezea sura nyingine iliyo bapa vilevile: mhanga mtakatifu. Mhanga mtakatifu akicheza na visu sebuleni, mnunuzi anahisi amedanganywa, na anarudi kwenye sura ya kwanza kwa hasira zaidi. Ndicho kilichotokea kwenye ukurasa wako. Mlibadilisha hukumu bila kubadilisha namna ya kuhukumu.

Mashabiki wa kampeni ya kumkomboa Britney wanafundisha jambo hilohilo. Kampeni ilianza 2009, ikapata nguvu 2019, na kuhusu uangalizi walikuwa sahihi. Waliokuwa wakisoma nyaraka za mahakama walifanya kazi nzuri kuliko vyumba vingi vya habari. Lakini pembeni yao wengine walikuwa wakisoma alama za siri: mwaka 2020 mtu alimwandikia avae njano kama anahitaji msaada, akaonekana na blauzi ya njano, ikawa ushahidi. Njia hiyo haina breki. Januari 2023, uangalizi ukiwa umekwisha kabisa, alifunga akaunti yake ya Instagram na mashabiki wakawapigia polisi simu waende kwake; akalazimika kuomba aheshimiwe. Nia njema na lenzi ndefu, matokeo yaleyale mlangoni.

Kuhusu kumpima mtu akili kwa mbali, wenye taaluma walishapata somo lao. Mwaka 1964 jarida la Fact la Marekani liliwatumia fomu madaktari wa akili 12,356 likiuliza kama mgombea urais Barry Goldwater anafaa kiakili. Walijibu 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai, bila kumwona hata mara moja. Goldwater alishtaki akashinda, na akapewa fidia ya adhabu ya dola 75,000. Mwaka 1973 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kikaweka kanuni: usitoe maoni ya kitaalamu kuhusu akili ya mtu maarufu usiyemchunguza na asiyekupa ruhusa. Kama daktari hathubutu, maelezo ya picha ya maneno matatu yasithubutu.

Kwa hiyo kazini kwako. Kabla ya kuandika, tafuta video au picha ilianzia wapi. Simamisha video, chukua fremu tatu au nne, zipakie TinEye, tovuti ya kutafuta picha ilikotoka, au kwenye utafutaji wa picha wa Google, na utafute tokeo la zamani kabisa. "Karudi tena" nyingi za mitandaoni ni picha za zamani zilizovalishwa tarehe mpya. Yako ni ya Septemba 2023. Uliiweka bila tarehe, na msomaji akadhani ni ya wiki hii. Hilo peke yake ni kosa, hata kama maneno yangekuwa ya upole.

Kisha hesabu vyanzo, si habari. Fungua habari tano kuhusu tukio, nenda moja kwa moja kwenye "kwa mujibu wa". Zote tano zikinukuu tovuti moja, una chanzo kimoja. "Mtu wa karibu na familia" mara nyingi ni msemaji wa upande mmoja, na kwenye familia inayogombania watoto au fedha kuna pande mbili au zaidi. Jiulize kama mtu huyo angeweza kuwa chumbani siku ile. Kama habari inasema alichowaza staa akiwa peke yake, tupa.

Nyaraka za mahakama zina uzito tofauti na watu huzichanganya vibaya. Hati ya madai ni maneno ya upande mmoja. Kiapo ni maneno ya mtu mmoja anayeweza kuulizwa. Amri na hukumu ndizo kauli za mahakama. Kumaliza kesi ya madai kwa malipo nje ya mahakama si kukiri, wala si kusafishwa. Andika kwamba walimalizana, na uishie hapo.

Kwenye sentensi yenyewe, andika kitenzi kinachoonekana. "Amenyoa", "amegonga gari kwa mwavuli", "amecheza na visu" vinaonekana. "Amedata", "amepagawa", "karudia" havionekani. Ni utambuzi wa ugonjwa uliovaa nguo za mtaani. Weka maelezo ya mhusika ndani ya sentensi mbili za kwanza, si mwishoni baada ya tangazo. Kisha badilisha jina: weka jina la staa unayemheshimu na usome tena. Kwa video hii unaye Shakira tayari, huhitaji hata kubuni. Ukiona sentensi haifai kwake, tatizo liko kwenye sentensi.

Habari moja, posti moja. Kinachomgeuza mtu kuwa kichaa machoni pa watu ni mfululizo kuliko posti yoyote moja: "tena", "safari hii", "mnakumbuka ile". Watafiti wa saikolojia Hasher, Goldstein na Toppino walionyesha mwaka 1977 kwamba kauli ikirudiwa, watu huanza kuiona ya kweli zaidi, hata bila ushahidi mpya. Ukurasa wenye posti kumi za mwavuli umeshatoa ripoti ya daktari.

Kuna hali moja ambayo usiweke kabisa: mtu anapoonekana kujidhuru, kulewa kiasi cha kutojiweza, au kuzungumzia kujiua. Juni 18, 2011 mwimbaji wa Uingereza Amy Winehouse alipanda jukwaani Belgrade, Serbia, akiwa hawezi kuimba. Video zilizunguka dunia kama kichekesho. Wiki tano baadaye, tarehe 23 Julai, alifariki akiwa na miaka 27, na uchunguzi ukakuta miligramu 416 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Video ile haikumuua. Lakini haikuwa na taarifa yoyote ambayo sentensi moja, "alishindwa kuimba, ziara imefutwa", isingeitoa.

Wale wanaokuambia ukweli usemwe wana haki ya kusikilizwa. Staa akitenda kosa, andika kosa, kwa tarehe, kwa mashtaka, kwa maneno aliyoyasema, bila kumpunguzia kwa sababu unampenda au anaumwa. Hapa hakuna kosa la kuandika. Kuna mwanamke amecheza na visu vya kukodi.

Posti yako usiifute kimya kimya. Ihariri, na juu kabisa weka hivi: "Masahihisho: Video hii ni ya Septemba 2023. Britney Spears alisema visu ni vya maigizo na kwamba alikuwa akimwiga Shakira. Maofisa walitumwa kumjulia hali. Maneno ya awali kuhusu afya yake yameondolewa kwa kuwa hayakuwa na chanzo." Funga maoni yanayompima ugonjwa, acha yanayobishana kuhusu tukio. Ibandike juu ya ukurasa kwa siku mbili, maana masahihisho husomwa na wachache kuliko posti yenyewe, na ile ya kwanza isipokuwa na alama, picha yake ya skrini itakuja kuzungushwa mwakani ikiwa na tarehe mpya na jina la ukurasa wako chini.